Jumapili Nilizojifanya Bibi Yako

Sekela mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi, nisizirudie. Umeondoka kwenda kusuka Mwanjelwa ukiwa na chai yangu na mayai mawili tumboni, na yule msusi wako namjua, ana maneno mengi kuliko vidole, hivyo huwezi kuwa umerudi kabla ya saa kumi na mbili. Hiyo ndiyo nafasi niliyoipata. Meza yangu ya sokoni nimemwachia Mama Atu wa nyanya, nimejifungia ndani, nimechana karatasi za katikati ya daftari, na kalamu nimeijaribu kwanza kwenye kiganja. Usishangae herufi kubwa hivi kama za mtoto wa darasa la kwanza. Ni mazoea ya kuandika bei kwenye maboksi.

Ya koti, ya kula kwa wakati na ya kusali sitaandika. Miaka mitano umeishi Ujerumani bila mimi kukufunga vifungo, na umerudi na meno yako yote. Ulikwenda mwanafunzi, kesho unarudi huko mfanyakazi, mhandisi wa maji mwenye mkataba wenye muhuri. Mimi niliyeishia darasa la saba nimeushika mkataba huo kwa mikono yenye udongo wa viazi, nikaupindua mbele na nyuma, nisielewe hata neno moja isipokuwa jina lako. Jina lako lilitosha. Siku hiyohiyo soko zima la Soweto hapa Mbeya lilijua, na waliokuwa hawataki kujua nao walijua.

Nataka kuongea nawe habari ya Jumamosi. Leo Alhamisi, siku ya tano, na bado sijakaa sawa. Nauza, nacheka na wateja, napika, lakini ndani yangu bado nimesimama palepale uani kwa mjomba wako Festo, Kalenga, mdomo wazi, mkononi nina kanga niliyoiandaa ya kukufunga kiunoni ukianguka. Hukuanguka. Niliyeanguka ni mimi, ila hakuna aliyeona kwa sababu nilianguka nikiwa nimesimama.

Ngoja nieleze kwa upande wangu.

Bibi yako alifariki mwaka juzi wakati wa mvua, wewe ukiwa umebakiza wiki sita ufanye mitihani ya mwisho. Alikwenda usingizini, hakumsumbua mtu. Kabla hata hajaoshwa, mimi binti yake ndiye niliyesimama katikati ya wanawake nikasema, "Sekela asijue. Mtoto ana mitihani. Atakayemwambia, mimi na yeye basi." Hakuna aliyenipinga, maana kwetu ndivyo inavyofanyika. Aliye mbali hapigiwi simu ya msiba. Anasubiriwa mpaka afike, akalishwe mkekani, mzee aseme maneno, na wanawake wawe nyuma tayari kumdaka.

Na acha nijisifu hata hapa ambapo sistahili: siri ile niliipanga kama jemadari. Ukoo mzima wa Kalenga, jumuiya yetu ya hapa Soweto, mpaka watoto wa kunyonya, wote niliwafunga mdomo. Nilijiona mwanamke mwenye akili kuliko wote kuanzia Iringa mpaka Tunduma.

Ukamaliza mitihani. Nikasema sasa nimwambie. Mjomba wako akasema, "Mwache apate cheti kwanza." Ukapata cheti. Nikasema sasa. Ukaanza kutafuta kazi huko, nikasema anayetafuta kazi ataonekanaje na macho mekundu. Ukaniambia umepata kazi. Nikasema ndiyo kwanza ameanza, asije akaharibu. Kila nilipotaka kufungua mdomo nilikuta sababu imelala mbele yake kama mbwa mlangoni. Na kila Jumapili baada ya misa ulipiga simu ukauliza, "Bibi hajambo?" nami nikajibu, "Hajambo, anakusalimu." Amekula nini? Ugali na mlenda. Miguu je? Afadhali. Mlenda wenyewe nilikuwa naupika kichwani hapohapo, mpaka chumvi naitia.

Halafu ikaja Jumapili uliyosema, "Mama, si uko Kalenga leo? Nipe bibi." Nilikuwa Kalenga kweli. Nilikwenda kwenye misa ya kumwombea, ametimiza mwaka. Watu wamejaa uani na sahani mikononi. Nikazima picha, nikakwambia mtandao mbovu, nikazunguka nyuma ya jiko, nikaminya koo. "Kamwene," nikasema, ile salamu yetu ya Kihehe, nikiivuta kama alivyokuwa akiivuta mwenyewe. "Kamwene, mjukuu wangu." Wewe ukaitika kwa heshima kabisa, "Kamwene, bibi." Ukauliza miguu. Nikakohoa kile kikohozi chake cha kuomba huruma. Tuliongea dakika nne.

Nilipokata simu, Mungu anisamehe, nilikuwa najivuna. Nikamfuata Festo nikamwambia, "Nimemweza."

Akanitazama, mfupa wa nyama mkononi. "Dada, sasa umevuka mto."

"Mto gani? Mtoto amefurahi."

"Haya. Na siku akitaka kumwona?"

Nikamwambia ale nyama yake.

Mara ya pili, baada ya kama miezi miwili, uliomba tena, maana nilikwambia amekuja Mbeya kunitembelea. Na safari hiyo ukasema, "Bibi, mbona siku hizi huniiti mke mwenzako?" Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mama yangu hakuwahi kukuita mjukuu hata siku moja. Tangu hujaota meno alikutania mke mwenza, eti umekuja kumnyang'anya babu yako, ingawa hata hukumkuta. Nikajirekebisha upesi, "Ah, mke mwenzangu, uzee huu, kichwa kimekuwa kibuyu." Ukacheka. Nikajiona nimeponea chupuchupu. Nikajipongeza, Sekela! Nilijipigia makofi peke yangu nyuma ya meza ya viazi.

Kumbe ulikuwa unanishika mkono unionyeshe njia.

Basi ukaja. Wiki mbili umekaa hapa, umekula, nimekutembeza meza hadi meza sokoni kama mwenge, na habari za bibi hukuniuliza hata mara moja. Na mimi, yule mwenye akili kuanzia Iringa mpaka Tunduma, sikujiuliza kwa nini. Nilisema moyoni, Mungu mkubwa, amesahau.

Jumamosi tukafika Kalenga. Mkeka umetandikwa. Wanawake wanne nyuma yako wamejaza pumzi vifuani. Festo amevaa lile koti lake la misibani, amesafisha koo: "Mpwa wangu, sisi binadamu ni wapita njia..." Ukamshika mkono. Ukasema taratibu, kama mtu anayemzuia mgeni asiinuke kitini, "Mjomba, usijisumbue. Najua. Nilijua siku ya tatu."

Mama mmoja kule nyuma alikuwa ameshaanza kilio. Kilimkwama, akakimalizia kwa kupiga chafya. Kanga yangu ikadondoka.

Siku ya tatu! Binti wa Festo alikuwa ameweka picha ya msalaba wenye jina kwenye status ya simu yake, nilipomfokea akaifuta. Ilikaa dakika kumi. Jemadari wenu alisahau kwamba siku hizi dakika kumi zinafika Ulaya. Ulikuwa maktaba, ukatuambia. Ukafunga kompyuta, ukaenda kukaa chooni mpaka walipozima taa. Wiki sita baadaye ukafanya mitihani. Na Jumapili ileile ya kwanza ukanipigia, ukaniuliza, "Bibi hajambo?"

Kwa nini uliniuliza? Hilo ndilo lililonipiga. Siku tano sasa nazirudia zile Jumapili moja moja. Kila nilipodhani nakubeba, wewe ndiye uliyekuwa umenibeba, tena mgongoni, nami huku juu najisifia mwendo.

Nilikufuata kaburini. Ulikuwa unang'oa majani kwa vidole. Hukugeuka. Ukasema, "Mama, ile sauti. Nilijua ni wewe tangu kamwene ya kwanza. Nilipokata simu nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikalia. Ndiyo maana niliomba tena. Ulimpatia, mama. Nilitaka nimsikie kidogo tu tena."

Mimi ambaye soko linaniita redio, nikapiga magoti nikang'oa majani pamoja nawe.

Ndipo ukasema, "Na mimi nilikuficha."

Ukanieleza ile kazi uliyoniambia umepata haikuwepo. Kwamba ulimaliza chuo, wakakupa kibali cha kukaa utafute kazi, ukaandika barua mpaka ukaacha kuzihesabu, na wote wakakujibu vizuri kwa adabu kwamba hapana. Kwamba ulikuwa unaosha masufuria kwenye jiko la hoteli, na kulala kwenye kochi la rafiki. Kwamba hawa wenye mitambo ya kusafisha maji walikuita kibali kikiwa kimebakiza wiki tatu kife, na wewe begi umeshalifunga.

Nikakuuliza, nakumbuka nilikuuliza kwa ukali kana kwamba mwenye kosa ni wewe, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia lini, mama? Siku niliyopiga nikwambie nimekosa, ulikuwa sokoni. Kabla sijafungua mdomo ukaniweka kwenye spika, ukasema, 'Mama Atu, njoo umsikie bosi wa maji ya Ulaya!' Nikasikia vigelegele. Soko zima. Nikasema ndiyo, nimeanza kazi."

Nakumbuka siku hiyo. Nilinunulia watu soda.

Wewe umekua kwenye viazi, lumbesa unaijua. Gunia likishajaa linavyotakiwa kujaa, tunaliongezea kilemba cha viazi juu, tunakifunga kwa wavu wa kamba, linakuwa gunia moja na nusu, linaitwa gunia moja. Kila mwaka wanatukataza, kila mwaka tunafunga. Muuzaji anasifiwa, mnunuzi anafurahi, na mbebaji ndiye anayevunjika mgongo. Nimekaa siku tano nikiona kwamba hivyo ndivyo nilivyokufunga wewe. Ulikuwa gunia zuri lililojaa. Ungeweza kurudi na cheti chako tu, au urudi huna kazi, ukalala siku tatu nyumbani mwako, ukala, ukaanza upya. Mimi nikakuwekea kilemba. Mwanafunzi nikamwita mhandisi, mhandisi nikamwita bosi. Na wewe ukabeba, kwa sababu ulijua nikiona kilemba kimeanguka nitaokotaje viazi mbele za watu.

Nisamehe kwa hilo. Nimeliandika kwanza kwenye karatasi nyingine nione kama mkono utakubali. Umekubali.

Bibi yako, ulipokwenda kumuaga ile mara ya kwanza, unakumbuka alivyokwambia? "Wajerumani? Hao walichukua mtu mzima hapahapa Kalenga, Mkwawa mwenyewe, wakaturudishia kichwa. Na hicho tumekidai mpaka tumezeeka. Wewe nenda, mke mwenzangu, lakini urudi mzima mzima." Tulicheka sana, na wewe ukamwahidi utarudi na miguu yote. Nimelifikiria neno lile. Wiki mbili za kwanza hapa Soweto ulikuwa umerudi kichwa tu, kinatabasamu, kinaitika salamu. Mwili wako mwingine wote ulifika Jumamosi, pale kwenye majani ya kaburini.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijakuambia miaka yote, utaelewa kwa nini nimeshtuka kuliko unavyodhani.

Mwaka wa darasa la saba nilikuwa nakaa Iringa mjini kwa shangazi yangu, ili niwe karibu na shule. Nilikuwa na akili, usidhani akili umeokota barabarani. Wiki ya mtihani shangazi alibadilika. Kila asubuhi akanikaangia yai. Yai, kwa nyumba ile! Watoto wake wananitazama, hawapewi. Sare yangu ikapigwa pasi na yeye mwenyewe. Nikajua napendwa, nikajua wameona akili zangu. Nikafanya mtihani kwa raha zote. Siku ya pili jioni akanifungia nguo, akanipandisha gari, tukateremka Kalenga, mimi njiani naimba. Nikaingia uani kwetu nikikimbia nimwambie baba maswali yalikuwa rahisi. Nikamkuta mama amenyoa nywele.

Baba alikuwa ameshazikwa, na hiyo ilikuwa siku ya nane. Udongo umeanza kupasuka.

Wote walijua. Wale watoto walionitazama nikila yai walijua. Mtihani nilifaulu, lakini aliyekuwa anipeleke sekondari ndiye aliyekuwa chini pale, kwa hiyo hata huo ufaulu waliokuwa wanaulinda haukwenda popote. Nilimchukia mama yangu kwa lile yai miezi mingi, maana ndiye aliyeagiza nisiambiwe. Niliapa, Sekela. Nilisema mtoto wangu, nikimpata, sitamlisha yai lile.

Na nikakulisha. Sijui ilikuwaje. Nafikiri mtu akiumizwa na kitu akiwa mdogo, anazijua njia zake zote, na siku akiwa na haraka anapita humohumo kwa sababu nyingine hazijui. Mama yangu naye, maskini, labda alilishwa lake.

Leo asubuhi nimekukaangia mayai mawili. Ukaniuliza, "Mama, mbona mayai, kwani viazi vimeisha?" Nikasema unasafiri, upate nguvu. Ukala. Nikasimama na mwiko mkononi, nikauona mkono wangu kama wa shangazi. Maana hata leo, baada ya Jumamosi yote ile, nilikuwa na jambo nakuficha. Ndiyo maana naandika.

Nilikudanganya kwenye karatasi ya kwanza. Herufi hizi si mazoea ya maboksi. Naandika kubwa kwa sababu ndogo sizioni.

Ilianza kabla hujaja, miezi mingi. Wateja wakawa wananirudishia viazi vyenye kijani. Mama Atu akanisema mbele ya watu, "We Mama Sekela, unauzia watu sumu, kwani huvioni?" Nikamjibu, "Asiyeona ni wewe, uliyeolewa na yule." Watu wakacheka, ikapita. Halafu nikagongwa bega na bodaboda iliyotoka kushoto, mchana kweupe, dereva anasema, "Mama, nimekupigia honi ukanitazama!" Nilimtazama, ndiyo. Sikumwona. Nikaenda hospitali peke yangu. Daktari kijana, wa umri wako, akaniwekea mashine machoni, akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia linaona, ila kwa ukungu, na kingo zake zimeanza kuliwa. Akanipa matone ya kutia asubuhi na jioni maisha yangu yote. Nikamuuliza, haya la kushoto litarudi lini. Akasema, "Mama, kilichokwenda hakirudi. Tunalinda kilichobaki."

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi, nikaguswa na jambo la ajabu: sikumfikiria Mungu, wala viazi, wala baba yako. Nilifikiria nitakuficha vipi.

Sasa kumbuka siku uliyotua uwanja wa ndege wa Songwe. Nilimkimbilia msichana mwenye koti jekundu, nikamkumbatia, nikampigia kigelegele, wewe umesimama pembeni na begi lako unacheka, "Mama una haraka!" Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wao. Si haraka, mwanangu. Nilimkumbatia mtoto wa watu kwa sababu sikukuona.

Barua hii nilipoianza saa nane nilikuwa nimeshaipangia mahali. Ilikuwa iingie kwenye mfuko wa mchele wa Kyela ninaokufungia, katikati kabisa, uikute huko baada ya wiki mbili, umeshaanza kazi, huwezi kugeuka. Maana nakujua. Ukijua leo utasema, "Mama, naahirisha." Kazi yenyewe inaanza Jumatatu, kibali kimefungwa na kazi hiyohiyo, ukiachia wanampa mwingine, na masufuria ya hoteli yanakusubiri. Nilisema moyoni, namficha ili aende. Ndivyo shangazi alivyosema pia, nadhani, wakati anapasua yai.

Sasa ni saa kumi na moja, jua limegeukia dirisha la jikoni, na mfuko wa mchele uko hapa mbele yangu umefunguliwa. Nimeufunga. Barua nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujavua viatu, na nitakaa pale kwenye kiti cha baba yako mpaka uimalize. Baba yako mwenyewe hajui, yuko Tunduma kwenye foleni ya malori siku ya tatu leo, nitampigia usiku huuhuu wewe ukiwa umekaa ubavuni, asije akasema tumemficha.

Ninachotaka ni uende. Nakiandika kwa herufi kubwa kuliko nyingine ili mtu asije kubisha: UENDE. Matone ninayo, Mama Atu, peke yake anayejua, ananitilia asubuhi na jioni, na mdomo wake unaniuma kuliko dawa. Kipofu sijawa. Kwa hili moja lililobaki bado nachagua viazi kuliko wenye miwani, waulize. Lakini sitakuamulia tena kwa kukufumba macho, tena mimi wa kufumba macho ya mtu! Utasoma, utaniuliza unachotaka, nitakujibu, halafu utasema mwenyewe. Ukisema unabaki, nitagomba, nitalia, nitakuitia Festo na koti lake. Lakini utakuwa umesema ukijua.

Na nimeanza kulipunguza lile gunia. Leo asubuhi, kabla sijamwachia meza, nilimwambia Mama Atu ukweli. Nikamwambia Sekela hakuwa bosi, alikuwa anaosha masufuria mwaka mzima, na mimi nilimlazimisha aseme bosi. Nilisubiri anicheke. Akaendelea kupanga nyanya. Kisha akasema, "Wangu wa Dar ananiambia ni meneja. Sijawahi kumuuliza meneja wa nini." Tukatazamana. Akasema, "Jioni nampigia." Nikaondoka nikamsikia anafokea mteja, sauti imemkauka.

Jumapili ukipiga sitakuweka kwenye spika. Nitaondoka mezani, nitakwenda kule nyuma kwenye magunia matupu, tuanze na baya, halafu mazuri yakiwepo nitayarudisha mezani mwenyewe, maana kujisifu sijaacha, nisikudanganye. Ukikosa, sema nimekosa. Mimi jicho likizidi nitasema limezidi. Na siku ukimkumbuka bibi, hata kama ni katikati ya wiki, sema tu, "Mama, nipe bibi." Nitaminya koo. Nitakuita mke mwenzangu, tutajua wote wawili ni nani anaongea, na bado tutamsikia.

Nasikia geti. Bado si wewe, ni upepo, wewe unaingia na kelele.

Moja la kesho, na hili halisubiri. Pale uwanjani ukishapita ule mlango wa kioo, wenzako wote watageuka wapunge mikono, na mama zao watapunga. Wewe usinipungie. Sitakuona, nitabaki nampungia msichana wa koti jekundu. Simama hapohapo, jaza kifua, uniite kwa ile sauti niliyokufundisha ukiwa na miaka saba, ya kuuzia viazi, inayovuka soko zima mpaka kwa wauza mitumba. Uite "Mama Sekela!" Wageuke wote waone ni nani.

Nitakuitika.

Mama yako,
aliyekaa hapa anakusubiri uingie